Fito, Chaga na Mbao: Kuipa Kazi Mpya Fanicha ya Mtoto Aliyekua

Hotuba kwa wazazi na mafundi vijana, Keko, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, akina mama na akina baba mliofika, na ninyi vijana mnaojifunza useremala hapa kwetu Keko, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie vitanda vya watoto, viti vya kulishia, makabati ya nepi na vikorokoro vingine ambavyo mtoto akishaanza shule hubaki vimesongamana nyuma ya mlango au vinanyeshewa uani. Nitazungumza kama fundi, kwa sababu mambo ya mapambo wapo wanaoyajua kuniliko. Naziona mitandaoni picha nyingi za vitanda vya watoto vilivyogeuzwa bembea, makochi na meza, na ni picha za kuvutia kweli, isipokuwa hazionyeshi kinachotokea pale mjomba wa kilo 90 anapokuja kusalimia na kukaribishwa aketi. Kila fanicha ilitengenezwa ichukue mzigo fulani, uzito fulani na kwa upande fulani, na anayetaka kuibadilishia kazi sharti ausome mzigo huo kwanza. Chaga za kitanda cha mtoto hubeba godoro jepesi na mwili wa kilo 10 au 15, na kuta zake zenye fito zipo kwa ajili ya kumzuia mtoto asidondoke. Mkilielewa hilo, mengine yote nitakayosema leo mtaweza kuyabuni wenyewe.

Wahenga walisema cha kale dhahabu. Kwa upande wa mbao, mimi husema inategemea hicho cha kale kilichongwa kwa nini na kimelala wapi.

Kabla hamjashika msumeno, jiulizeni kama kitanda hicho bado kinafaa kulaza mtoto. Kikiwa kinafaa, mimi ninayekula kwa msumeno huo huo nawashauri msikiguse. Mpelekeeni wifi, shemeji au jirani anayetarajia mtoto, kwa kuwa kitanda kizima kina thamani kuliko mbao zake. Kufaa kwenyewe kunapimika. Chukueni kopo tupu la soda, lile la mililita 330 la umbo la kawaida, mjaribu kulipenyeza kati ya fito na fito. Kopo hilo lina upana wa sentimita 6 na nusu hivi. Sheria ya Marekani hairuhusu nafasi izidi sentimita 6, na kipimo cha Ulaya kinaishia sentimita 6 na nusu. Likipita kwa raha, nafasi hiyo ni pana mno, na hatari yake ni kwamba kiwiliwili cha mtoto mchanga huweza kuteleza nje huku kichwa kikinasa ndani.

Tazameni pia kama ubavu mmoja wa kitanda unapanda na kushuka. Mtindo huo ulipendwa sana na akina mama, kwani ulimrahisishia mzazi kumchukua mtoto bila kuinama, lakini vishikizo vyake vya plastiki huchoka, ubavu ukachomoka pembe moja na kuacha mwanya. Marekani iliupiga marufuku kuanzia tarehe 28 Juni 2011, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30 katika muongo uliotangulia. Kitanda cha mtumba kilichotengenezwa kabla ya hapo kinaweza kuwa cha aina hiyo. Kikiwa hivyo, msimgawie mtu. Hicho ndicho cha kuvunjwa na kupewa kazi nyingine, na mbao zake hazina kosa lolote.

Sasa tuzungumzie mbao zenyewe. Kitanda kilichochongwa hapa mtaani miaka ya nyuma huenda ni cha mninga au mkongo, na mtakijua kwa uzito mtakapokiinua. Cha siku hizi mara nyingi ni msonobari, ule unaotoka mashamba ya nyanda za juu kama Sao Hill kule Mufindi, na mwenye bahati zaidi ana mtiki, kama ule wa Longuza, Muheza. Vile vya mtumba huwa vya mbao ngumu nyeupe ya Ulaya, au msonobari, au chipubodi iliyovikwa karatasi inayong'aa. Msidanganywe na karatasi hiyo. Pindueni kitanda mwangalie ukingo wa chini, mahali ambapo mtengenezaji hakuhangaika kupafunika: mkiona chembe za mbao zilizoshikamanishwa kwa gundi, basi hiyo ni chipubodi, na chipubodi ina tabia mbili za kukumbuka. Ikipata maji huvimba na hairudi ilivyokuwa, na tundu lake la skrubu likishalegea halishiki tena kama mwanzo. Kwa hiyo isipewe kazi ya jikoni karibu na sinki, wala isibebe mtu.

Kwenye usafi nitapita haraka, ila msiupuuze. Kunguni hupenda viungo vya vitanda, na kitanda kilichokaa stoo huweza kuwa kimewahifadhi. Joto linalozidi nyuzi 50 huwaua, kwa hiyo mimina maji yanayochemka katika kila kiungo kilichofunguliwa, kisha anika juani hadi pakauke kabisa. Ukiona unga laini chini ya mbao na vitundu vidogo mithili ya ncha ya kalamu, hao ni bungua, na ubao huo utengwe na wenzake. Tafadhali msipake oili chafu ya gari kwenye kitu kitakachoingia ndani ya nyumba. Najua tunaipaka kwenye nguzo za uzio, lakini uzio haulaliwi wala hauwekewi sahani.

Rangi ndiyo yenye uzito zaidi. Rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, na Marekani iliyazuia katika rangi za nyumbani mwaka 1978. Risasi huharibu ubongo wa mtoto mdogo hata kwa kiasi kidogo, na Shirika la Afya Duniani halijataja kiwango chochote kilicho salama. Kama hamjui fanicha ilipakwa nini na lini, ichukulieni kuwa ina risasi. Msiipige msasa mkavu, maana vumbi lake ndilo linaloingia mwilini. Lowesheni ubao, tumieni msasa wa maji, fanyieni kazi hiyo nje mbali na watoto na wajawazito, mfute kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Rangi iliyokwisha kubanduka magamba kwa magamba inatosha kuwa sababu ya kuiacha fanicha hiyo isiingie ndani kabisa.

Baada ya hapo ndipo raha ya ufundi inapoanza, na mimi naanza na benchi, kwa sababu ndilo linaloombwa kuliko vyote na ndilo linaloharibiwa kuliko vyote.

Njia inayozoeleka ni kuondoa ubavu mmoja wa kitanda, kuacha ule wa nyuma uwe egemeo na vile vya kichwani na miguuni viwe mahali pa kupumzishia mikono, kisha kutupia mto juu ya chaga zilizopo. Kwa macho benchi limekamilika. Kwa mzigo halijaanza. Chaga zile ni nyembamba, zinakaa juu ya boliti nne, na ubavu ulioondolewa ndio uliokuwa unaizuia fremu isiyumbe. Kwa hiyo fanyeni hivi. Ondoeni chaga zote. Tengenezeni fremu mpya ya kukalia kwa mbao ya inchi mbili kwa nne, mbili ndefu za mbele na nyuma na tatu fupi za kukatiza, na juu yake mfunge plaiwudi ya kukalia. Halafu, na hapa vijana wangu nawaomba msikilize vizuri, chini ya kila pembe ya fremu hiyo simamisheni kipande cha mbao kinachofika sakafuni, mkigundishe na kukifunga kwa skrubu kwenye upande wa ndani wa mguu wa kitanda. Uzito wa mtu ushuke kwa mbao hadi chini, usining'inie kwenye skrubu. Skrubu kazi yake hapo ni kushikilia mbao zisiachane. Benchi likizidi urefu wa mita moja, na vitanda karibu vyote huzidi, ongezeni mguu wa katikati mbele na nyuma.

Kimo cha kukalia kiwe sentimita 42 hadi 45. Upana nao una mtego wake. Kitanda cha kawaida cha Ulaya huchukua godoro la sentimita 60 kwa 120, na kina cha sentimita 60 ni kirefu mno kwa mtu anayetaka kuegemea; miguu yake itaning'inia kama ya mtoto. Mnaweza kuzikata mbavu fupi zibaki na sentimita 45, kazi inayotaka mkono uliotulia, kwa kuwa ni lazima mkate kati ya fito na fito na kurudisha nguzo ya mbele. Au muache upana wake na kuweka mito minene mgongoni, jambo ambalo mimi hulipendelea, maana benchi pana hugeuka kitanda cha mchana kwa anayetaka kujinyoosha. Na lile godoro la mtoto, kama ni kavu na halina harufu wala ukungu, linaingia pale pale bila kukatwa. Lishonewe foronya ya kitenge au ya turubai lenye zipu, na kazi imekwisha.

Wenye moyo wa ziada wanaweza kuacha plaiwudi na kuwamba benchi kwa kamba. Watu wa pwani tunakijua kitanda cha kamba: fremu ilidumu miaka mingi, kamba zikilegea zilikazwa, zikikatika kiliwambwa upya, na hakuna aliyefikiria kukitupa kwa sababu ya kamba. Ila mkumbuke kwamba kamba iliyokazwa huvuta mbao za pembeni zije ndani, tena huvuta usiku na mchana hata kama hakuna aliyekaa. Bila zile mbao fupi za kukatiza nilizozitaja, fremu ya msonobari itapinda kabla hamjaimaliza sherehe ya kuizindua.

Mbavu zilizobaki ndizo mali yenyewe. Huu hapa mezani ni ubavu mmoja wa kitanda cha mtumba, nimeuleta muushike. Una mbao mbili ndefu, ya juu na ya chini, na katikati fito za duara zilizopenyezwa katika matundu na kugundishwa. Ukiupinda kwa mikono hautoi mlio. Ungetoa mlio, ningejua gundi imeachia na ningeifungua kila fito niigundishe upya. Mwisho wa mbao ya juu mnaona tundu lililolala, na ndani yake kipande cha chuma cha mviringo chenye uzi. Boliti ndefu huingia kutoka kwenye nguzo na kukamata chuma hicho, ikakazwa kwa alenkii, ule ufunguo mdogo wa pembe sita. Msivitupe vyuma hivi, kwa sababu mkivikosa mtaishia kupiga misumari, na msumari uliopigwa mwisho wa ubao, kufuata nyuzi za mti, hung'oka upesi.

Ubavu huu ukiulaza una kichanja cha vyombo kilicho tayari. Wale wanaonunua vichanja vya vyuma vinavyoshika kutu kila masika, angalieni nafasi hizi: sahani inasimama vizuri kati ya fito mbili, sufuria inafudikizwa juu, maji yanachuruzika yenyewe. Mbavu mbili zikipandishwa juu ya miguu minne, moja kwa kimo cha kiuno na nyingine chini yake, zinatosha familia ya kawaida. Vikombe na vijiko ndivyo vitakavyopenya, hivyo sehemu moja itandikwe wavu. Kichanja kikikaa nje, kipakeni vanishi ya nje pande zote, hasa vichwa vya mbao ambako maji huingia kwa wingi, na miguu isimame juu ya tofali au zege, kwa kuwa msonobari uliogusa udongo ni chakula cha mchwa. Mninga ungevumilia zaidi, lakini kumweka mninga nje anyeshewe naona ni kumdhalilisha.

Ubavu huo huo ukining'inizwa kwa kamba nne chini ya paa la baraza, pamoja na kapi moja ya kuupandisha na kuushusha, unakuwa kianikio cha nguo siku za mvua. Kanga ina urefu wa mita moja na nusu na upana wa kama mita moja na sentimita 10, kwa hiyo inaanikwa kwa kuipitisha juu ya fito mbili, ikakauka pande zote bila kushikana. Nguo zilizolowa ni nzito, ila uzito wake unagawanyika katika fito nyingi, na kwa kazi hii sina wasiwasi, mradi ndoano zimefungwa kwenye boriti yenyewe, zisichomekwe kwenye siling'i bodi.

Bembea, hapana. Najua mtaniuliza. Bembea huvuta boliti kwa kurudiarudia, mbele na nyuma, na viungo hivi vilikusudiwa kukaa kimya. Anayetaka bembea aje tumchongee bembea.

Kwa mtoto mwenyewe aliyekitumia kitanda, kazi ninayoiona inamfaa zaidi ni meza ya kusomea. Viwango vya Ulaya vya fanicha za shule humpa mtoto wa kimo cha sentimita 119 hadi 142 meza ya sentimita 59 na kiti cha sentimita 35. Vitanda vingi vina matundu ya kupandisha na kushusha godoro, na tundu la juu likiwa pungufu ya kipimo hicho, hutobolewa mapya juu yake. Wekeni plaiwudi ya milimita 18 badala ya chaga, ondoeni ubavu wa mbele ili miguu ipate nafasi, na pande tatu zilizobaki zitazuia penseli na madaftari yasianguke. Kwenye fito mtafunga vimfuko vya kitambaa, mtaning'iniza mkoba, na fremu ikiwa inayumba baada ya ubavu kuondolewa, mbao moja ya nyuma karibu na sakafu itaituliza. Meza haibebi mtu, inabeba viwiko na vitabu, na ndiyo maana kitanda kinaiweza bila miguu ya ziada. Kaka mtu asiruhusiwe tu kuikalia.

Kabati la kubadilishia nepi ni jambo jingine. Kimo chake cha sentimita 85 hadi 100 kinakaribiana na cha meza ya jikoni, kwa hiyo wengi hulipeleka jikoni na hawakosei. Likiwa la mbao halisi, linaweza kubeba vyombo, unga, hata ndoo ya maji ya kunywa, lakini kumbukeni kuwa ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na ushei, zaidi ya uzito wa mtoto aliyekusudiwa. Mkitaka kuweka jiko la gesi juu yake, tandikeni vigae au bati nene, na mtungi usifungiwe ndani ya kabati. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, na kabati lililofungwa linakuwa bakuli la kuikusanyia. Mtungi ukae wazi, penye hewa, hata kama hapapendezi.

Kabati la nguo za mtoto lenye watoto wa meza wanne au watano, likihamishiwa sebuleni au chumba cha wakubwa, lifungwe ukutani. Mtoto anayejifunza kusimama huvuta droo zote na kuzipanda kama ngazi, na kabati humwangukia. Mwaka 2016 kampuni ya fanicha ya IKEA ililazimika kuwaomba wateja warudishe makabati ya aina hii yapatayo milioni 29 nchini Marekani peke yake kwa sababu hiyo hiyo. Kuta zetu za tofali za saruji zinataka tundu la drili, fisha (ile plastiki inayochomekwa tunduni ili ishike skrubu) na skrubu ndefu, pamoja na kipande cha chuma chenye umbo la pembe. Ni kazi ya robo saa.

Yaliyobaki ni madogo. Kiti cha kulishia cha mbao, chenye miguu iliyotanuka, ukikiondolea sinia na ukanda kinashika chungu cha maua bila kupinduka. Cha plastiki sioni kazi yake ya maana, na siwezi kujilazimisha. Susu au kikapu cha mtoto kinafaa vitunguu, kwa kuwa hewa inapita, ila viazi viwekwe kwingine penye giza. Kile kitembezi chenye magurudumu, ambacho Kanada ilipiga marufuku kuuzwa mwaka 2004 kwa jinsi kilivyokuwa kikiporomoka na watoto kwenye ngazi, msimpe mtu. Yang'oeni magurudumu yake muyafunge chini ya sanduku la vinyago. Kiti cha mtoto cha gari kisigeuzwe kitu chochote, na kikishapata ajali kikatwe mikanda kabla ya kutupwa, asije mwingine akakiokota na kumfungia mtoto wake.

Nimeona wengine mmekuja na fremu zenu na mmeziacha pale nje chini ya kivuli. Tutatoka sasa hivi tuzikague moja moja. Naomba tuanze na ile nyeupe iliyoegemezwa ukutani, kwa sababu nimeipita wakati naingia nikaona ina alama za rangi ya zamani chini ya ile mpya, na mwenye nayo asiipige msasa kabla hatujazungumza. Ndoo ya maji na vitambaa viko tayari. Asanteni kwa kunisikiliza.